Siku mama mkubwa alipoinyamazisha bendi ili aisikilize mbege

Tulikua katikati ya wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, mi niko kwenye gitaa la ridhimu, tumba ndo kwanza limeanza kukolea, watu wameshasimama kwenye mabenchi, mara namuona mama mkubwa anapenya katikati yao khanga imefungwa kiunoni, anakuja moja kwa moja hadi kwa kiongozi wa bendi anamshika bega. Akamwambia, "Baba, nyamazeni kidogo. Siisikii mbege."

Kiongozi akanyoosha mkono tukaacha hapo hapo. Yani wimbo ulikatika kama uzi.

Hiyo ilikua Saba Saba ya mwaka 1998, siku ya Jumanne, Marangu, kwenye kilabu cha mama mkubwa, dada yake mama yangu wa tumbo moja. Nilikua na miaka 19. Kilabu chenyewe kilikua banda la mabanzi na bati, mabenchi ya mti, na nyuma yake ndo jiko ambako mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inapikwa, kwahiyo unakunywa hatua kumi tu kutoka ilipoivia. Wakubwa wa pale walikua wanamuamini kuliko wapishi wengine wote wa upande ule, na nasema hivyo si kwa sababu ni mama yangu, hata watu wa Mwika walikua wanashuka kwa miguu kuja kunywa kwake.

Sasa kwanini tulikua na bendi kwenye kilabu cha mbege. Mnakumbuka mvua za El Niño, zile zilizoanza mwishoni mwa 97 zikaingia hadi 98? Kule juu zilibomoa banio la mfongo wetu, yani kile kizuizi mtoni kinachogeuzia maji kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji, kwa asiyejua, wazee wa Kichagga walichimba tangu kabla Mjerumani hajafika, unachukua maji juu mtoni unayatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, yani mashamba ya migomba ya nyumbani kwa watu, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Banio likiondoka hakuna zamu ya mtu yeyote. Mvua zilipoisha ndo watu wakaona hasara, migomba ya chini ikaanza kusinyaa wakati mto unapiga kelele pale pale karibu. Kuchimba watu walikua tayari kuchimba, hiyo ni kazi ya asili yao, ila safari hii wazee walitaka banio la simenti na nondo ili lisiondoke tena, na hela hapakua nazo. Kahawa ilishaanguka bei toka mwaka 1989 ule mkataba wa dunia wa kahawa ulipovunjika, kuna watu walishaanza kung'oa mibuni. Mama mkubwa mwenyewe ada za watoto wake wanne zilitoka kwenye mbege, sio kwenye kahawa.

Basi yeye ndo akatoa wazo. Asubuhi watu wachimbe, mchana washukie kilabuni, yeye anatoa mapipa matano ya mbege bila kudai hata senti, aliyechimba anapata kata moja ya bure, zinazofuata ananunua, na hela yote inaenda kwenye simenti. Akaniita Moshi mjini nilikokua napiga na bendi ndogo ya mtaani, magitaa matatu, tumba na drams. Tukakubali kupiga bure, nauli na ndizi nyama basi.

Tulipanda na Hiace ya saa mbili, ampu tumezifunga juu ya kerea. Himo tulivuka jua linachoma, tulivyoanza kupandisha ukungu ukatufunika, na kufika Marangu Mtoni vidole vyangu vilikua havikunji vizuri. Julai kule ni baridi kweli kweli. Na baridi hiyo hiyo ndo iliyotuletea shida yote.

Mbege sio kitu cha kuharakisha. Ndizi zinaivishwa kabisa, zinachemshwa kutwa nzima kwenye pipa hadi zinabadilika rangi zinakua nyekundu kama udongo wa kule, zinaachwa zikae siku kadhaa, zinachujwa. Pembeni una kimea, ule ulezi uliolowekwa ukaota ukaanikwa ukasagwa, unaupika uji, unaupoza, halafu ndo unachanganya na yale maji ya ndizi, pamoja na magome ya mti wa msesewe ya kuleta uchungu. Ukishachanganya leo, kesho mchana watu wanakunywa. Hiyo ni siku ya joto. Mama mkubwa alichanganya Jumatatu mchana kama kawaida yake, ila usiku wa kuamkia Saba Saba baridi ilishuka vibaya, na tulipofika alikua ameshaonja mara mbili na kutema mara mbili.

"Hii bado togwa," akaniambia. Alikua amenyong'onyea, sijawahi kumuona vile. "Na watu wako njiani wanashuka."

Na kweli walishuka. Saa saba na nusu walianza kuingia, matope hadi magotini, majembe begani, wazee, vijana, akina mama waliokua wamebeba mawe toka asubuhi. Watu kama mia mbili hivi, wengine wakakaa nje chini ya migomba. Kila anayeingia anaangalia mlango wa jiko. Hapo ndo wanaume wakaanza ushauri wao, mmoja anasema ongeza sukari itashtuka, mwingine anasema mama changanya na gongo kidogo nani atajua. Mwingine, huyu alikua mtu mzima na heshima zake, akasema wape hivyo hivyo wana kiu hawatajali.

Mama mkubwa aliwasikiliza wote, akamjibu huyo wa mwisho tu, akimwita meku, yani mzee kwa Kichagga. "Meku, hawa wamechimba toka alfajiri. Nitawapa kitu kibichi kikawavuruge tumbo? Kesho wanarudi juu kuchimba." Akarudi jikoni.

Na ujue ilikua hatari kweli, sio maneno tu. Usiku ule kulikua na nusu fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Uholanzi, saa nne kwa saa zetu, na vijana wote walikua na mpango wa kuwahi Marangu Mtoni kwenye tivii. Wakiondoka na hela zao mfukoni ndo changisho limekwisha.

Kiongozi wetu alikua mzee aliyepiga Dar miaka mingi kwenye kumbi za dansi, mtu wa maneno machache. Akatuita nyuma ya drams akatuambia, leo tunapiga taratibu, hakuna chemko. Kwa wasiofahamu, wimbo wa dansi unaanza polepole, mwimbaji anatoa hadithi yake beti kwa beti, halafu katikati unafunguka, magitaa yanakimbizana, hapo ndo watu wanatoka jasho. Akasema watu wakitoka jasho watakauka koo, wakikauka koo watadai, wakidai yule mama atalazimika kutoa. Kwahiyo tuwakalishe kwenye hadithi.

Aisee, jaribu kupiga mwanzo wa wimbo kwa dakika kumi na tano bila kufungua. Mkono wangu wa kulia ulikua unapiga kitu kile kile, kile kile, na mwimbaji akiishiwa beti anatunga papo hapo, akawa anaimba habari za mfongo, za banio lililoondoka, za mawe waliyobeba akina mama, kumbe watu wanamsikiliza na wanamrekebisha, bibi mmoja anapaza sauti toka kwenye benchi, "Sio mawe tu, na mchanga!" naye anaingiza mchanga kwenye beti inayofuata. Sijawahi kupiga mbele ya watu wanaosikiliza namna ile, kumbi za mjini tulizozoea watu wanasubiri chemko tu.

Huko nyuma mapipa yalikua yamesogezwa karibu na moto, yamevishwa majani ya migomba na magunia. Halafu watu bila kuambiwa wakaanza kuleta mablanketi. Naona mtoto anapita na blanketi la kijivu, mama mwingine na shuka nzito, mzee mmoja akavua koti lake mwenyewe, yale makoti marefu ya mitumba, akaingia nalo jikoni akatoka amebaki na sweta. Mapipa matano yamelala kama wagonjwa.

Ndo ikaja ile ya siisikii mbege.

Tuliponyamaza kilabu kizima kilinyamaza. Mama mkubwa akaufungua mlango wa jiko wote, akapiga magoti kwenye pipa la kwanza, akafunua blanketi, akaweka sikio. Nilikua nimesimama karibu na gitaa bado shingoni kwahiyo nilimuona vizuri, macho kafumba, kiganja kakiweka ubavuni mwa pipa kama anapima homa. Akahamia la pili. La tatu alikaa muda mrefu. Akaniita kwa kidole. Nikavua gitaa nikaenda nikaweka sikio langu na mimi, na mwanzoni sikusikia kitu, halafu nikasikia. Mchakacho mdogo mdogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango, unatoka chini kabisa unapanda juu.

"Imeamka," akasema. "Bado saa moja na nusu. Kapigeni."

Watu walimsikia, na hakuna aliyenung'unika. Mi hadi leo naamini kule kumuona pale chini amepiga magoti ndo kulikowabakisha.

Tukapiga. Giza likaingia, karabai mbili zikawashwa. Saa moja na kitu usiku akatoka jikoni ameshika kata mbili. Moja akainywa yeye mwenyewe mbele ya watu wote, ndo mila, mpishi anatangulia ili watu wajue ni salama. Alikunywa taratibu hadi ikaisha. Ya pili akampelekea mzee wa mfongo, mzee kuliko wote pale, akampa kwa mikono miwili. Yule meku akainywa, povu na punje za ulezi zimebaki kwenye masharubu, akajifuta kwa nyuma ya mkono, akasema neno moja tu, "Aika," yani asante.

Kiongozi hakusubiri. Akahesabu nne kwa kugonga mguu, akafungua chemko, ile chemko tuliyoibana toka mchana, na benchi la mbele lote likainuka pamoja. Nilikata nyuzi mbili usiku ule na sikubadilisha hata mmoja. Akina mama walikua wanacheza na kata mkononi bila kumwaga tone. Mwenye koti alilifuata jikoni likiwa linanuka ndizi akalivaa hivyo hivyo akaingia kucheza.

Hela ilihesabiwa usiku huo huo juu ya meza mbele ya watu, ikatosha mifuko 14 ya simenti na nondo, banio likasimama kabla ya mwezi wa tisa.

Saa nne ilifika ikapita. Ya Brazil kushinda kwa penati tuliyajua asubuhi kwa kondakta wa Hiace, tukiwa tunapandisha ampu kwenye kerea, na mama mkubwa anarudisha mablanketi nyumba kwa nyumba.