Kabari Kati ya Mitutu Miwili

Fundi aliniachia risasi thelathini na agizo moja: "Ipige, andika inavyopiga, usiguse kitu." Kisha akasafiri kwa siku mbili. Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu wa kujifunza kutengeneza bunduki, na nikagusa.

Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ya risasi kubwa aina ya .470 Nitro Express, silaha ya kukabili nyati na tembo. Nyuma, penye chemba, mitutu ilikuwa imeshaunganishwa kwa moto mkali, haitikisiki tena. Mbele, mdomoni, ilishikwa na waya wa chuma, lehemu laini na kabari ndogo ya chuma iliyochomekwa katikati. Kabari hiyo ndiyo kazi yote. Ukiisukuma ndani, midomo inaachana. Ukiivuta nje, inakaribiana. Hata ikisogea kwa unene wa ukucha tu, karatasi ya shabaha itakuambia.

Mimi nilitaka vipimo safi. Niliona mikono ya binadamu haiaminiki, inatetemeka, inachoka. Kwa hiyo nikaifunga bunduki kwenye stendi nzito kwa mikanda miwili, nikaizungushia mifuko ya mchanga mpaka isiweze kwenda popote. Nikapiga. Tundu la mtutu wa kulia likaangukia kushoto, na la kushoto likaangukia kulia. Risasi zilikuwa zimepishana njiani, na kati yake palikuwa na karibu shubiri moja kwa umbali wa mita 50. Nikarudia mara mbili, yaleyale. Nikajiambia midomo imebanwa mno, na dawa yake naijua.

Lehemu ya madini ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, joto ambalo halidhuru chuma cha mtutu. Inakuwa ya kijivu, imefifia, halafu ghafla inang'aa kama maji yaliyopigwa na jua. Huo ndio wakati. Niligonga kabari, nikafunika mdomo kwa kitambaa kibichi, nikasikia mvuke ukilia. Jioni matundu mawili yalikaa bega kwa bega. Nililala nikiwa na furaha ambayo sijaisahau.

Fundi aliporudi alitazama karatasi, kisha akatazama stendi.

"Mikanda hii ya nini?"

"Isitikisike, Fundi."

"Na mwenyewe akikutana na nyati, atakuwa na mikanda?"

Akaifungua. Akasimama, akaegemea nguzo, mkono wake wa kushoto ukiwa kati ya mbao ya mbele na mfuko wa mchanga, ili bunduki ilale mkononi na si mchangani. Akavuta kifyatulio cha mbele, ambacho ni cha mtutu wa kulia, kisha cha nyuma. Risasi ya kulia ikaenda kulia kabisa, ya kushoto ikaenda kushoto. Nilijikuta nimekaa chini.

Hakunifokea. Alinipa bunduki tupu, akaniambia niishike kama ninayelenga, halafu akausukuma mdomo wa mtutu wa kulia kuja kwangu kwa kidole gumba. Bunduki ikarudi nyuma, na papo hapo mdomo ukageukia kulia. "Umeona? Teke la huu halipiti katikati ya bunduki. Linapita pembeni."

Nililielewa kwa bega kabla ya kichwa. Kichwa cha risasi cha gramu 32.4, kinachotoka kwa kasi ya mita 655 hivi kwa sekunde, bado kiko ndani ya mtutu wakati bunduki imeshaanza kugeuka. Ndiyo maana mitutu haijengwi sambamba. Huinamishwa ikaribiane kuelekea mdomoni, na ule mgeuko wa teke ndio unaoinyoosha. Mikanda yangu ilizuia mgeuko, risasi zikapishana, nami nikatibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Hapo pia ndipo nilipojua kwa nini bunduki hizi huchongwa chini ya mitutu uzito wa baruti na wa kichwa cha risasi. Bunduki hulinganishwa kwa risasi ya aina moja. Ukiipa iliyo na kasi ndogo, inakawia mtutuni na matundu yanaachana. Ukiipa yenye kasi zaidi, yanapishana. Zamani, walipotumia baruti iitwayo kodaiti, nguvu yake ilipanda kwa joto, na risasi za nchi za joto zilipunguziwa baruti. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma, lakini sikuwa nimeyahisi mwilini.

Kurekebisha kulichukua siku mbili. Kupasha moto, kuvuta kabari kidogo sana, kupoza, kusimama, kupiga kulia, kushoto, kusubiri. Fundi hakukubali jozi nyingine ipigwe mpaka niweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kuuachia, kwa sababu mtutu wa moto unapotosha majibu. Bega langu lilivimba. Mara moja nilivuta kupita kiasi, matundu yakapishana kweli, ikabidi nirudi. Mara nyingine mtutu wa kushoto ulipiga juu, tukalazimika kuushusha kwa waya kabla lehemu haijaganda, mikono minne juu ya chuma cha moto, bila kusemezana.

Risasi zikabaki mbili.

"Zipige wewe," akasema.

Nikaegemea nguzo. Kulia, kisha kushoto. Tulitembea pamoja hadi kwenye karatasi. La kulia lilikuwa kulia, la kushoto kushoto, usawa mmoja. Akaweka rula: sentimita tatu, karibu sawa na nafasi ya mitutu yenyewe mdomoni, kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine.

"Haya," akasema, akinipa msumeno mdogo. "Kata kabari iliyozidi."