Ua la Nusu Maili

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ng'ombe wawili wa kufungia na miguu isiyojua kuchoka. Desemba 2002, nikiwa nimemaliza darasa la nne, nilipelekwa kwake Marangu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, kama kila likizo, na kazi ilikuwa ileile: kuamka umande haujakauka, kunywa chai ya rangi na magimbi ya jana, kisha kupanda naye nusu maili kukata majani.

Nusu maili ni jina la msitu. Mwaka 1941, enzi za Mwingereza, ulitengwa ukanda wenye upana huo juu ya vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachaga, ili watu wapate kuni na majani humo bila kuugusa msitu mkubwa. Kipimo kikageuka jina la mahali. Bibi hakujua maili ina urefu gani, na sidhani kama kuna siku alihitaji kujua. (Tangu 2005 msitu ule umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na kuingia kwake siku hizi ni habari nyingine.)

Siku hiyo majani ya chini yalikuwa yameshakatwa na akina mama waliotutangulia, tukapanda mpaka karibu na msitu mkubwa wenyewe. Huko ukungu haukuwa na haraka ya kuondoka. Miti ilikuwa ikidondosha maji ingawa mvua haikunyesha, na kitenge nilichojitanda kililowa mabegani. Bibi akainama na mundu wake. Mimi nikashuka kijitoni kunywa maji.

Kwanza nilidhani ni kipande cha kanga kimenasa kwenye majani. Nilipochuchumaa nikaona ni ua, moja peke yake, linaning'inia kwenye kikonyo chembamba kama uzi. Mbele lilikuwa jekundu. Nyuma lilikuwa na kifuko kinachokonda na kujikunja kwa ndani, mfano wa mkonga wa tembo anayepeleka kitu kinywani, na kuelekea kwenye ncha ya mkonga ule wekundu ulikuwa ukigeuka kuwa njano. Shina lake lilikuwa limejaa maji kiasi kwamba mwanga ulipenya. Nikiwa nimetulia pale, ndege mmoja mdogo, chozi, alitua, akachomeka mdomo ndani ya ua, akanywa, akaruka. Ua likabaki linabembea. Hapo nikajua mkonga ni wa nini: asali inawekwa mwisho kabisa, apate mwenye mdomo mrefu tu.

Pembeni ya ua palikuwa na kitumba cha mbegu, cha kijani, kilichonenepa katikati. Nikakibana kwa vidole viwili, kidogo tu. Kikapasuka! Maganda yake yakajikunja kama yale maganda ya penseli unapoichonga, na mbegu moja ikanipiga kwenye kope. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka kanisani.

"Nyoka?" bibi aliuliza huko juu.

"Hapana, bibi. Ua."

"Ua limekuuma?"

Alishuka akaja kuangalia. Nikamwambia nataka kuling'oa, nikalipande nyumbani kwetu Pasua, mjini Moshi. Akalitazama ua, akanitazama mimi.

"Liache hapo hapo, mwanangu. Huko mjini litakunywa nini?"

"Maji ya bomba."

Bibi alicheka mpaka akaweka mundu chini. Kisha akarudi kazini, akidhani yamekwisha.

Niseme hapa kwamba bibi hakuwa na jina la pekee kwa ua hilo. Kwake lilikuwa jani la mtoni. Mimi nilikuja kujua ukubwani kwamba wanasayansi wanaliita Impatiens kilimanjari, na kwamba kwa asili haliko mlima mwingine wowote isipokuwa huu wetu. Neno la kwanza ni la Kilatini: asiye na subira. Wameliita hivyo kwa sababu ya vile vitumba, ila mimi nikilisoma huwa namuona mtoto wa darasa la nne amepiga magoti kwenye matope, anachimba kwa kijiti huku akichungulia kama bibi yake anageuka.

Maana nililing'oa. Nikalifunga na udongo wake ndani ya ganda la mgomba lililokuwa limefungia viazi vyetu, nikalificha kwenye mzigo wangu wa majani, nikaweka ngata kichwani na kushuka kama mtoto mwema.

Siku tatu lilikaa nyuma ya banda la ng'ombe, halikunyauka hata jani. Ndiyo iliyonidanganya. Siku ya nne nilipanda Haisi pale Marangu Mtoni, ua likiwa mapajani ndani ya mfuko wa rambo. Mpaka tunafika Himo, ambako konda alitukalisha juani kusubiri abiria, mfuko ulikuwa umetoa jasho kwa ndani na mkonga wa tembo ulikuwa umelala juu ya jani.

Nyumbani nililipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikaliweka chini ya mwembe. Wanaoijua Pasua ya Januari hawahitaji maelezo. Mji wa Moshi uko mita 800 hivi juu ya bahari, mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 1,000. Kule nilikolitoa mvua inapita milimita 2,000, na ukungu juu yake. Mimi namba hizo sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya baridi ya kile kijito vidoleni, na friji ya mama.

Mama alikuwa akiuza barafu za nailoni kwa watoto wa shule. Nilifikiri hivi: ua limezoea baridi, baridi iko kwenye friji, basi. Mchana, mama akiwa amekwenda sokoni Mbuyuni, nilichukua barafu nane nikazizungushia shina, zikayeyuka. Nikachukua nyingine nane. Kesho yake nikafanya vilevile. Sikujali kwamba zilikuwa za ukwaju na sukari.

Sisimizi walikuja kwa mstari kutoka ukutani. Siku ya tatu kopo lilikuwa jeusi kwa sisimizi, shina limelainika na kunuka kama kachumbari iliyolala, na mama amesimama mlangoni na mfuko mtupu wa barafu mkononi. Alihesabu hasara kwa sauti. Sikuchapwa, nilipewa deli nikauze barafu mwenyewe kwenye geti la shule mpaka deni liishe, jambo ambalo kwa mtoto wa umri wangu, mbele ya wenzake, lilikuwa baya kuliko fimbo.

Nilitafuta mbegu kwenye kopo. Vitumba viwili vilivyokuja na mmea vilikuwa vimeoza kabla ya kupasuka.

Pasaka tulikwenda Marangu familia nzima. Nilikuwa nimejiandaa kutosema kitu, lakini habari ilishapanda mlima kabla yangu. Bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda nikae. Akamenya ndizi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikaingia kwenye sufuria ya maji.

"Ehe," akasema bila kuinua kichwa. "Lilikunywa nini?"

"Barafu, bibi."

"Za maziwa au za ukwaju?"