Katoni Iliyorudi Kutoka Mbeya

Sabuni ya maji ikivuja ndani ya katoni haikai ilipovujia. Inashuka, inalainisha karatasi, chupa za juu zinazilemea za chini, na mzigo ukifika kila chupa imelowa kiasi kwamba huwezi kusema ipi ilianza. Kwa hiyo katoni iliporudi kutoka Mbeya niliwaambia vijana wa karakana wasifute chochote, na wasiguse kifuniko hata kimoja.

Karakana ilikuwa Tabata, Dar es Salaam. Mama mwenye mali alikuwa anachanganya sabuni ya vyombo, dawa ya vioo, dawa ya choo na jiki, anauza kwa Instagram na WhatsApp, na mizigo ya mikoani inapakiwa kwenye basi stendi ya Magufuli, Mbezi. Mimi nilishika upande wa vifungashio. Mteja wa Mbeya, mwenye duka la rejareja, hakutaka ugomvi, alituma ujumbe wa sauti tu: “Dada yangu, sabuni yako nzuri, lakini kondakta kanifokea mbele za watu, begi la abiria limelowa. Narudisha.” Mama akaniwekea ujumbe nisikilize, kisha akasema, “Mdogo wangu, hizi chupa tunazijaza maji, tunazilaza usiku kucha juu ya gazeti, hazitoi hata tone. Hao wa basi wamezikanyaga.”

Katoni haikuwa na alama ya kukanyagwa. Pembe zake zote zilikuwa nzima. Kilicholegea ni kitako tu, kwa kulowa.

Ukitaka kujua chupa imevuja vipi, chora kwanza mstari wa maka peni kuanzia kwenye kifuniko ushuke hadi begani mwa chupa. Halafu fungua, kausha, kaza tena kwa nguvu ile ile ya siku zote. Mstari wa kifuniko ukiupita ule wa chupa, kifuniko kilikuwa kimelegea njiani. Ukirudi palepale na chupa ilikuwa inavuja, tatizo liko mdomoni au kwenye gasketi, kile kipande laini ndani ya kifuniko kinachoziba mdomo, na kukaza zaidi hakutasaidia. Katika katoni ile tulipata yote mawili, jambo ambalo si la ajabu: chupa huwa haivuji kwa sababu moja.

Chupa zilikuwa za lita moja, plastiki nyeupe ya HDPE (polithini ngumu), na vifuniko vya kubonyeza pembeni vikafunguka. Muuzaji wa chupa alisema shingo ni 28, muuzaji wa vifuniko naye akasema 28. Hiyo 28 ni milimita za upana tu. Namba inayofuata ndiyo inayosema urefu wa shingo na mizunguko ya hesi, yaani mistari ya kufungia kifuniko: 28/400 ina mzunguko mmoja hivi na shingo fupi, 28/410 ina mmoja na nusu na shingo ndefu. Kifuniko cha 410 ukikifunga kwenye shingo ya 400 kinaingia vizuri, kinakaza, mkono unaridhika; kumbe sketi yake, ule ukingo wa chini, imegota kwenye bega la chupa kabla gasketi haijaugusa mdomo sawasawa. Chupa za soda na maji nazo nyingi zina shingo ya 28, na hesi yake ni nyingine kabisa. Pima kwa kalipa, usinunue kwa namba ya mdomoni mwa muuzaji. Vifuniko vichache katika katoni yetu vilikuwa vimegota hivyo. Vilichanganyika kutoka mfuko mwingine.

Zile nyingine zilikuwa na ugonjwa mdogo zaidi. Chupa ya HDPE hutengenezwa kwa kupulizwa ndani ya moldi ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari. Ubavuni haudhuru. Ukipanda hadi kwenye mdomo, unakuwa kama unywele ulionyanyuka, hauonekani vizuri kwa macho lakini ukipitisha ukucha taratibu unakwama. Nilimpa kijana mmoja chupa, nikamwambia azungushe ukucha akiwa amefumba macho. Akasimama penyewe, pande mbili zinazotazamana. Tulipozifunga shingo kwa karatasi ya tishu na kuzilaza, rangi ya sabuni ilitokeza kwenye nukta hizo hizo mbili.

Sasa mama akauliza swali lake lile: mbona maji hayakupita hapo? Hayakupita kwa sababu maji yanajishika. Mvuto wa uso wa maji ni kama milinewtoni 72 kwa mita. Ukitia slesi na sulfoniki, viungo vinavyoifanya sabuni itoe povu, unashuka hadi karibu 30. Upenyo ambao maji yanaishia mlangoni, sabuni inapenya na kutambaa. Kipimo cha maji kinaupa cheti upenyo ambao sabuni itaupita kesho yake. Jaribu kwa bidhaa yenyewe, ikiwa imekomaa na chumvi na manukato yake yote, siyo kwa maji ya bomba.

Na hata sabuni iliyolazwa Tabata usiku kucha haikuvuja kama ile iliyokwenda Mbeya. Hapo ndipo kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa pwani hawalifikirii. Dar iko usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa kilopascal 101 hivi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu, na huko ni kama 82 au 83. Chupa iliyofungwa Dar inapanda mlima wa Kitonga ikiwa na hewa ya Dar ndani yake, na ikifika juu hewa hiyo inasukuma kifuniko kwa tofauti ya karibu kilopascal 18. Kwenye mdomo wenye uwazi wa milimita 21 au 22 huo ni msukumo wa zaidi ya nusu kilo, kwa saa nyingi, chupa ikiwa imelala ubavu. Ongeza joto la buti: hewa iliyotoka nyuzi 25 ikafika 50 inataka nafasi asilimia 8 zaidi. Wakati huohuo sponji ya gasketi inalainika kwa joto na kubaki imebonyea, haizibi tena pengo.

Kwa hiyo tulihitaji Mbeya ndani ya karakana. Fundi friji wa jirani alikuwa na pampu ya kunyonyea hewa na geji. Tulichukua sufuria nzito ya presha, juu tukaweka bamba nene la akriliki lenye raba, tukatoboa tundu la mpira wa pampu. Usitumie chupa la kioo kwa kazi hii, linaweza kupasukia ndani. Tukalaza chupa ya sabuni kwenye tishu, fundi akanyonya hadi geji ikasoma inchi 5 na kidogo za zebaki, ambazo ndizo kilopascal 18, tukaiacha nusu saa. Haikuchukua hata robo ya muda huo. Kwenye ule mstari wa moldi kilitokea kipovu, kikapasuka, kikaja kingine mahali palepale, kisha sabuni ikafuata. Chupa ya maji pembeni yake ilikuwa kavu. Mama aliangalia, akamgeukia kijana wa kujaza: “Basi tuwaombe radhi watu wa basi.”

Marekebisho tuliyoanza nayo yalikuwa kupunguza hewa ndani ya chupa. Chupa ile ikijazwa hadi ukingoni inachukua karibu mililita 1,120, maana yake juu ya lita moja ya sabuni kulikuwa na mililita 120 za hewa. Hewa hiyo ikifika Mbeya inataka kuwa 146. Chupa ya ukubwa mwingine, inayobakiza mililita 50, hewa yake inataka 61 tu, na ubavu wa HDPE unaweza kutuna ukazimeza hizo 11. Ila usijaze hadi juu kabisa; sabuni nayo hutanuka ikipata joto, na chupa isiyo na hewa ikibanwa inatema papo hapo. Asilimia 5 ya hewa ndiyo tuliyokubaliana.

Kukaza nako kulikuwa kwa mkono wa nani yuko zamu. Kwa kifuniko cha milimita 28 kipimo cha kuanzia ni karibu nyutonimita 1.6. Kifaa cha kupimia ni ghali, lakini mkono wa mbao wa sentimita 20 uliobana kifuniko, ukivutwa kwa mzani wa kuning'iniza hadi gramu 800, unatoa jibu hilohilo. Kesho yake kifuniko hufunguka kwa karibu nusu ya nguvu hiyo, maana plastiki hulegea yenyewe. Ikishuka sana chini ya hapo, kagua gasketi au hesi, usiongeze nguvu. Ukizidisha, hesi inaruka na shingo inakuwa yai.

Foili ndiyo iliyomaliza ubishi. Ni duara la alumini lenye utando wa plastiki chini yake. Mashine ya koili inaipasha kwa sumaku bila kugusa, utando unayeyuka na kushikana na mdomo wa chupa. Kwa chupa ya HDPE agiza foili yenye utando wa polithini. Ile ya chupa za PET, plastiki angavu kama ya chupa za maji, haishiki. Kwa kifuniko chenye tundu la kumiminia agiza foili ya kipande kimoja, kwa sababu ile ya vipande viwili huacha karatasi ndani ya kifuniko na kuziba tundu, na mteja atakupigia simu. Mashine ya mkononi ilitaka sekunde 2 hivi. Sabuni ikidondokea mdomoni wakati wa kujaza, foili haishiki pale. Kifuniko kikiwa hakijakazwa, haishiki kabisa. Ukikaa muda mrefu utasikia harufu ya kuungua na hesi inapinda. Acha ipoe, bandua moja ya majaribio: lazima utando ubaki mdomoni kama pete isiyokatika. Kisha kaza vifuniko upya, joto limekwisha kuvilegeza. Na ule mstari wa moldi? Utando ulioyeyuka uliujaza. Tulipoirudisha kwenye sufuria ya fundi friji, foili ilituna na haikutoa kitu.

Kulikuwa na chupa moja iliyovujia kitakoni, kwenye kona, nyufa nyembamba sana. Hiyo haikuhusiana na kifuniko. Sabuni huipasua HDPE taratibu pale ilipobanwa, na chupa ile ilikuwa imekazwa na kamba ya katoni. Dawa yake ni plastiki ya daraja linalovumilia sabuni, kona za mviringo, na kutoifunga kamba ikakata.

Katoni ikawa ya karatasi ya mawimbi mawili, vigawanyo kati ya chupa, kila chupa kwenye mfuko uliozibwa kwa joto, gazeti lililokunjwa juu hadi katoni ikitikiswa isilie. Mishale ya “juu huku” tuliichapa, ingawa simjui mpakiaji aliyewahi kuisoma. Kwa hiyo majaribio yote yalifanywa chupa ikiwa imelala au imepinduliwa. Tuliziangusha kutoka sentimita 90 kwenye sementi, ubavu, kona na kitako, urefu ambao Amazon nao huutumia kwa bidhaa za kioevu. Dawa ya vioo ilipoteza kichwa chake cha kunyunyizia: chupa ikaenda na kifuniko cha kawaida na foili, kichwa kikalala pembeni kwenye mfuko wake. Kichwa kilichofungwa kwenye chupa, hata kikiwa na kitufe cha kufungia, kina njia ya hewa, na penye njia ya hewa sabuni inapita.

Mama alitaka jiki nayo iingie kwenye katoni hiyohiyo ya Mbeya ili nauli ilipe. Nilikataa. Jiki hutoa gesi polepole, na joto huiharakisha, kwa hiyo ukiiziba kwa foili chupa inatuna, na alumini yenyewe huliwa na jiki pale utando unapokuwa na tundu. Inataka kifuniko cha kupumua na kusafiri imesimama, na basi haliwezi kukuahidi hilo. Isitoshe katika oda ile kulikuwa na dawa ya choo yenye asidi. Hizo mbili zikivujiana ndani ya buti inatoka gesi ya klorini, chini ya miguu ya abiria. Oda ya Mbeya ilikwenda na sabuni ya vyombo na dawa ya vioo, dawa ya choo ikapanda kwenye katoni yake peke yake, na jiki ikauzwa Dar.