Yuda, Benyamini na Ndugu Wawili wa Massachusetts

Somo la juma: Mwanzo 43:1–14, 44:18–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tunaipenda ile hotuba ya Yuda mbele ya Yusufu. Lakini ahadi yenyewe aliitoa nyumbani, nafaka ikiwa imekwisha na Yakobo amekataa katakata kumwachia Benyamini. Yuda alisema atamdhamini kijana. Asiporudi, lawama iwe juu yake siku zote. Hakuweka mali rehani, alijiweka mwenyewe.

Juma hili nimewawaza Julius na Walter Holländer, Wayahudi wa Aachen, Ujerumani. Baada ya mashambulizi ya Wanazi dhidi ya Wayahudi Novemba 1938, Walter alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen. Mwaka uliofuata wote wawili waliondoka Ulaya, na huko Massachusetts wakapata vibarua viwandani. Dada yao Edith alibaki Amsterdam na mumewe, Otto Frank, na mabinti zao Margot na Anne. Naam, Anne Frank yule aliyeandika shajara akiwa mafichoni.

Marekani ilitenga nafasi 27,370 kwa mwaka kwa waliozaliwa Ujerumani na Austria; kufikia 1939 waliosubiri walizidi 300,000. Hata zamu ikifika, alihitajika mtu aliyeko kule aape kwa maandishi kwamba mgeni hatakuwa mzigo kwa serikali. Mdhamini alianika kila kitu: mshahara, akiba ya benki, barua ya mwajiri. Hebu waone hao wawili, wageni wenyewe, wakijaza mapato yao ili konsuli apime kama yanatosha kulisha watu wanne zaidi. Ikabidi wawaombe hata waajiri wao watie sahihi. Aliyewahi kumfuata bosi kwa shida ya ndugu yake anajua uzito wa kubisha mlango ule.

Faili la Otto la maombi ya viza ya Marekani liliteketea Rotterdam ilipopigwa mabomu Mei 1940. Aprili 1941 alimwandikia rafiki wa zamani huko Marekani kwamba anahangaika hasa kwa ajili ya watoto. Julai ofisi za konsuli wa Marekani katika nchi zilizotawaliwa na Ujerumani zikafungwa. Desemba 1 akapata viza ya Kuba, yake peke yake. Siku kumi baadaye Ujerumani ikaitangazia Marekani vita, na viza ikafutwa. Edith alifia katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz Januari 1945, mabinti wakafia katika kambi ya Bergen-Belsen muda mfupi baadaye.

Benyamini alirudi kwa baba yake. Akina Holländer hawakumkuta Yusufu nyuma ya meza, kwa hiyo sitahubiri kwamba kila dhamana ya imani huzaa matunda tuyatakayo. Mithali 22:26 hutuonya tusidhamini madeni, na wepesi wa kuinukuu ni sisi wenye mishahara. Yuda hakudhamini deni, alidhamini mtu.

Maombi ya Jumatano tuyaelekeze kwa wanaoketi kwenye ile meza ya Yusufu: maofisa wa uhamiaji, makarani wa viza, wenye mihuri. Wengine tunasali nao humu humu. Tuwataje kwa majina.