Mpira wa Mpira: Nilivyopata Namba Timu ya Skuli

Niseme mapema kabisa: mpira sijui. Sikujua nikiwa darasa la tano na sijui leo. Mguu wa kushoto nimepewa wa kusimamia tu, na wa kulia ukipiga, mpira huenda unakotaka wenyewe. Lakini misimu miwili mizima nilikuwa na namba ya kudumu timu ya skuli yetu kule Pemba, na hakuna aliyethubutu kuniweka nje, maana akiniweka nje mimi kauweka na mpira.

Wazimu wenyewe ulianza mwishoni mwa 1995, Zanzibar ilipochukua Kombe la Chalenji kule Uganda. Kijiji kizima kilitoka nje, hata wale wazee ambao siku zote hutwambia mpira ni kazi ya wasio na kazi. Kesho yake kila mtoto mchezaji. Sasa tucheze nini? Skuli ilikuwa na gozi moja, limefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, hutoka siku ya mashindano tu, na likirudi huhesabiwa kama vile yako mengine. Siku nyengine zote ni mpira wa matambara: soksi kuukuu, mabaki ya fundi cherehani, kamba za mgomba. Mvua ikinyesha unakunywa maji, unakuwa mzito kama dafu. Ukiupiga kichwa, shingo inaingia mabegani. Na kudunda haudundi.

Ami yangu, Mungu amrehemu, akaniona nahangaika. "Mwanangu, upake urimbo wa fenesi. Maji hayaingii tena." Ami alikuwa bingwa wa kutega ndege, nami nikamwamini, wala sikujiuliza kwamba kazi ya urimbo tangu dunia iumbwe ni kunasa. Nikakinga utomvu wa fenesi changa, nikauchemsha koponi na mafuta kidogo kama alivyonielekeza, nikapaka tabaka tatu. Wallahi ulipendeza. Uling'ara kuliko gozi la mwalimu mkuu.

Jioni tulipotoka chuo cha Kurani tukaingia uwanjani, mimi nimeubeba juu ya jani la mgomba kama mkate wa mofa. Ulipogusa chini tu ukaanza kuokota: mchanga, majani makavu ya mkarafuu, manyoya ya kuku. Winga wetu, mtoto aliyekuwa na kasi ya sungura, akaupiga kwa nguvu zake zote. Mguu ukaenda, na mpira ukaenda nao. Akaukung'uta, wapi! Basi akaona yasiwe mengi, akakimbia nao vivyo hivyo, huku anachechemea, akampita beki, akampita golikipa aliyekuwa amekaa chini kwa kicheko, akaingia nao golini. Pakazuka ugomvi. Hawa wanasema ni goli, mpira umevuka mstari. Wale wanasema mpira haukupigwa, umebebwa. Mwamuzi, kaka wa mtu, akaangalia saa ambayo hakuwa nayo, akasema tuendelee.

Tukaubandua kwa kijiti. Ukarushwa juu, na mimi, sijui nilitaka kumwonyesha nani, nikaruka kuupiga kichwa. Sina haja ya kueleza. Nilirudi nyumbani na mpira utosini, nusu ya kijiji inanisindikiza. Bibi alinikalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi akanipaka mafuta ya nazi mpaka magharibi. (Mtu akikwambia urimbo hutolewa kwa mafuta ya taa, mwambie ajaribu kichwani kwake kwanza. Mafuta ya nazi, na subira.) Nywele zilizokataa zikapigwa mkasi. Asubuhi nikaenda skuli na kichwa cha mabaka na jina jipya: Urimbo. Nilipomlalamikia ami akanijibu, "Kwani mimi nilikwambia uupige kichwa?"

Dawa ilikuwa njiani siku zote. Nyuma ya kijiji chetu kulikuwa na shamba la mipira, ile miti ya utomvu. Kila siku tunakatisha katikati ya mipira huku tunalia hatuna mpira! Wagema huchanja alfajiri, kabla jua halijakausha utomvu, na wakishakusanya, ule unaobakia kwenye mchanjo hukauka ukawa uzi. Ukiubandua taratibu hutoka mzima, unavutika. Nikawa nazikusanya nyuzi hizo kila alasiri, baada ya kumpelekea mgema mmoja mihogo ya kuchoma asinifukuze. Ndani niliweka makanja makavu ndani ya mfuko wa nailoni, maana siku hizo haijapigwa marufuku visiwani, halafu nikazungusha uzi. Uvute kwanza ndipo uzungushe, na kila mara geuza upande. Wa kwanza sikugeuza, ukatoka umbo la yai, ukipigwa unakimbia kama bata. Wa pili ulinichukua wiki mbili, labda tatu.

Ulinuka, sikatai. Bibi aliukataza nyumbani, ukawa unalala banda la mbuzi, na mbuzi wenyewe nadhani hawakupenda. Lakini ulidunda! Shuti la kwanza likapiga mnazi, likapita juu yetu sote, likatua kwenye majamvi ya karafuu ya mzee mmoja, karafuu zikaruka kama panzi. Timu nzima tulikalishwa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka adhana ya magharibi. Usicheze karibu na karafuu za mtu msimu wa kuanika, hata kama uwanja ni wenu.

Baada ya hapo masharti niliyaweka mimi: hakuna mpira bila ya namba yangu. Nahodha akanipa beki wa kulia. Nilifurahi wiki nzima ndipo nikagundua ule ndio upande wa majamvi, kwa hivyo mpira ukitoka wa kwenda kuomba msamaha ni mimi.

Tarehe 13 Januari 2025 nilikuwa Gombani, Chake Chake, siku Zanzibar ilipoifunga Burkina Faso 2-1 fainali ya Kombe la Mapinduzi. Katikati ya vigelegele nikasikia nyuma yangu, "Urimboo!" Nikageuka. Winga wetu, ndevu nyeupe zote, kamshika kijana mkono. Hata salamu hakunipa.

"Mwambie mwanangu huyu, hataki kuniamini. Lile lilikuwa goli au si goli?"

Nikamwambia alikuwa ameotea.