Kumbe ilikuwa ya karanga

Nakusanya mashine za kale zinazouza vitu kwa sarafu. Ya tatu niliuziwa kama mashine ya chingamu. Nami nilitaka sana iwe hivyo. Ilikuwa na kichwa cha kioo, mwili wa chuma cha kusubu mzito kama jiwe, tundu la senti moja ya Marekani, na jina la kampuni ya Columbus likiwa limechomoza kwenye chuma. Nilifika nayo nyumbani, nikaijaza chingamu za mviringo, nikatumbukiza senti na kuzungusha mpini. Zikaanguka tatu kwa mpigo. Mara ya pili ikaanguka moja. Mara ya tatu nikasikia kitu kinapasuka ndani, na mpini ukakwama.

Nilipoifungua nilikaa sakafuni na tochi karibu saa nzima. Gurudumu la ndani halikuwa na matundu ya mviringo ya kubeba chingamu mojamoja. Lilikuwa na vyumba vipana, vya kuteka konzi ndogo ya kitu kidogokidogo. Juu yake palikuwa na kisiki cha brashi, nywele zake karibu zote zimekwisha. Na kwenye mfereji wa kutolea, chuma kilikuwa kimeliwa kwa namna ambayo kutu ya kawaida haili: vishimo vidogo vingi, na ukoko mweupe kwenye pembe. Chumvi. Kumbe ilikuwa ya karanga!

Tangu siku hiyo gurudumu ndilo jambo la kwanza ninaloangalia, kabla ya rangi, kabla ya jina. Watengenezaji wengi waliuza mwili uleule kwa kazi zote mbili, wakabadilisha tu gurudumu na vitu vichache vilivyolizunguka. Brashi ile ilikuwa ya kufagia karanga zilizozidi ili zisisagwe gurudumu linapopita. Ukiona brashi, au alama za mahali ilipofungwa, basi mashine hiyo ilianza maisha na karanga, hata kama leo imejaa chingamu za rangi saba.

Kutambua umri ni kazi ngumu zaidi, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Tarehe ya hataza (haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa) iliyopigwa kwenye chuma si tarehe ya kutengenezwa. Inaonyesha tu kwamba mashine haikutengenezwa kabla ya hapo, kwa sababu kiwanda kingeweza kuitumia kalibu hiyohiyo miaka mingi. Ninaamini zaidi vitu ambavyo hakuna aliyekusudia viwe ushahidi. Skrubu, kwa mfano. Zile za nyota, zenye msalaba kichwani, zilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930. Nikizikuta kwenye mashine inayodaiwa kuwa ya 1915, najua kwamba ama ilifunguliwa na kufungwa upya, ama ni ya juzi iliyovalishwa nguo za zamani.

Sumaku nayo ninayo mfukoni, ila isikufanye jaji wa haraka. Ikinasa, mwili ni chuma. Isiponasa, usiseme bandia papo hapo, maana mashine nyingi za kweli zilitengenezwa kwa alumini.

Halafu kuna sarafu. Natembea na tatu za Marekani za kupimia matundu: ya senti 1, ya senti 5 na ya senti 10. Upana wake ni milimita 19.05, 21.21 na 17.91. Wenye mashine walipopandisha bei walibadilisha kifaa cha kupokelea sarafu na kuuacha mwili, kwa hiyo mashine ya senti 5 huenda ilianza na senti 1. Senti yangu moja ni ya 1943. Mwaka ule wa vita shaba ilihitajika kwingine, Marekani ikatoa senti za chuma zilizopakwa zinki. Baadhi ya mashine zilikuwa na sumaku ya kunasia vipande vya chuma vya walaghai, basi zikaanza kuzikataa pesa halali za serikali. Ninayo mashine moja yenye sumaku ya namna hiyo. Nikiingiza senti ya shaba inapita. Nikiingiza ya 1943 inanaswa palepale. Nimeirudia mara nyingi kuliko inavyohitajika, na kila mara nafurahi.

Kuhusu rangi nina majuto. Mashine yangu ya pili, ya Northwestern ya Morris, Illinois, ilikuwa na enameli nyekundu iliyobanduka pembeni. Enameli ni kioo kilichochomwa juu ya chuma: ukiigusa ina ubaridi, na inapobanduka huacha doa jeusi lenye kingo kali. Mimi sikulijua hilo. Niliipiga msasa, nikapulizia rangi mpya, nikaona nimeitendea wema. Ngozi ile hairudi tena. Sasa natumia maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki, basi. Na rangi za kale, zile zisizo enameli, msizipige msasa kabisa. Nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Narudi kwa Columbus yangu. Kioo cha kampuni ile mara nyingi huwa na nyota iliyochomoza. Changu ni kitupu, na mdomo wake haukai sawasawa kwenye kola. Kwa hiyo hata kichwa si chake. Watu wawili wamenishauri nitafute gurudumu la chingamu na kioo chenye nyota, niikamilishe, halafu nisiseme kitu. Sitaki. Mtu atakayeipata baada yangu ana haki ya kujua alichokishika.

Nimeosha chumvi yote, nikakausha kila pembe, nikapaka mafuta mepesi kwenye springi. Kisiki cha brashi nimekiacha kama kilivyo. Ndani ya mlango nimefunga kikaratasi kwa uzi, nimeandika kwa kalamu ya risasi: “Mwili na gurudumu: Columbus, ya karanga. Kioo: hakijulikani kilikotoka, kilikuja nayo. Mpini ulikwama kwa chingamu, ukanyooshwa.” Chini yake nimeacha nafasi ya mistari mingine.