Siku moja na kidahizo kimoja

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla sijagusa kompyuta nakaa kimya dakika ishirini nikihesabu pumzi. Moja hadi kumi, halafu narudi moja. Leo nilifika saba nikajikuta naandika barua kichwani. Nikarudi moja. Nikafika nne, nikakumbuka barua nyingine. Mtu akiniuliza mazoezi haya yamenipa nini kwa miaka yote hii, jibu la kweli ni kwamba yamenifundisha kurudi moja bila kununa.

Naanza na pumzi kwa sababu ndiyo itakayonisumbua kutwa. Ninatayarisha kamusi ya istilahi za dini na falsafa kwa Kiswahili, na kidahizo, yaani neno linaloelezwa, kilicho mezani wiki hii ni ROHO. Nilikitengea nusu saa. Leo ni siku ya tatu.

Saa mbili asubuhi

Rasimu ya jana inasomeka hivi: "Roho: sehemu ya mtu isiyoonekana na isiyokufa." Ukiisoma haraka utasema ni sawa. Ukiisoma taratibu, utaona imeshagombana na nusu ya dunia. Buddha alifundisha anatta, kwamba ukimchambua mtu hukuti ndani yake kiini kinachodumu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliiona psyche, yaani roho kwa Kigiriki, kuwa ni umbo la mwili ulio hai: jicho lingekuwa mnyama, alisema, kuona ndiko kungekuwa roho yake. Kwake kuuliza kama roho na mwili ni kitu kimoja ni sawa na kuuliza kama nta na chapa iliyopigwa juu yake ni kitu kimoja. Na Mwanzo 2:7, aya ambayo wengi tunaikumbuka kama siku mtu alipotiwa roho, haisemi hivyo. Inasema Mungu alimpulizia pumzi ya uhai puani, mtu "akawa nafsi hai". Akawa, si akapewa. Tena maneno hayohayo ya Kiebrania, nefesh haya, yametumika sura moja nyuma kwa viumbe wa majini na wanyama wa nchi kavu.

Nikaifuta rasimu nikaanza upya kwa kuyapanga maneno yenyewe. Ruach ya Kiebrania ni upepo, ni pumzi, ni roho. Pneuma ya Kigiriki nayo vivyo hivyo. Spiritus ya Kilatini imezaliwa na kitenzi cha kupumua. Ruhu ya Kiarabu, ambayo ndiyo mama wa roho yetu, ina mzizi mmoja na rihi, yaani upepo. Nadhani chanzo cha kufanana huko ni kitu ambacho kila jamii imekitazama: maiti aliyelala pale na viungo vyake vyote, hakikosekani kitu isipokuwa pumzi. Ukimwangalia kwa muda wa kutosha, metafizikia, yaani kuuliza kilicho nyuma ya vinavyoonekana, inaanza yenyewe.

Ila neno likivuka lugha huacha kitu nyuma. Katika Yohana 3:8 Biblia yetu inasema "Upepo huvuma upendako", na aya ikifika mwisho inamtaja aliyezaliwa kwa Roho. Kwa Kigiriki, upepo wa mwanzo na Roho wa mwisho ni neno moja, pneuma. Yesu anacheza na neno, na Nikodemo anachanganyikiwa, sawasawa na ilivyokusudiwa. Mtafsiri wa Kiswahili hakuwa na jinsi, ilimbidi achague. Simlaumu, na mimi nimekaa kwenye kiti hichohicho.

Kiswahili nacho kina lake. Tunasema kukaba roho, na hapo roho ni koo. Nefesh ya Kiebrania nayo, kabla haijawa nafsi, ilikuwa koo. Nililifurahia hilo robo saa nzima, kisha nikasahau kuliandika.

Saa nne asubuhi

Nikampigia ustadhi anayenisomea vidahizo vya upande wa Uislamu.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi na roho yako?"

"Bado imenikaba."

Akacheka. Nikamuuliza kama naweza kuziweka roho na nafsi kwenye kidahizo kimoja, kwa kuwa watu huzitumia kama pacha.

"Usithubutu," akasema. Akanikumbusha aya ya 85 ya sura ya 17: watu wanauliza habari ya roho, na Mtume anaambiwa ajibu kwamba roho ni katika mambo ya Mola wake, nao hawakupewa elimu ila kidogo. Basi, mlango umefungwa kwa adabu. Nafsi ni habari nyingine. Nafsi Qurani inaizungumza waziwazi: iko inayoamrisha maovu, katika sura ya 12, iko inayojilaumu, katika sura ya 75, iko iliyotua, katika sura ya 89. Wasufi wakazichukua tatu hizo wakazifanya ngazi, na baadhi yao wakaongeza vidato katikati.

"Nafsi inafundishika," akasema. "Unaikaripia, unaifungisha saumu, unaipandisha. Roho nani kaiona hata aifundishe? Kwenye nafsi andika sana, kwenye roho andika kidogo. Wewe umefanya kinyume."

Ni kweli nilifanya kinyume, lakini hata Waswahili wamefanya kinyume. Husikii mtu akisema "fulani ana nafsi mbaya". Tunasema ana roho mbaya, ana roho safi, roho inamsuta. Tabia zote ambazo vitabu vya elimu vimeibebesha nafsi, mtaani tumeitwika roho. Kamusi itamfuata nani, ustadhi au msemaji? Nimeamua itawataja wote wawili na kuwaacha watazamane.

Saa sita mchana

Nililala. Hakuna falsafa hapo.

Saa nane mchana

Nilipanga saa moja tu ya kidahizo cha pili, KUWEPO, nikakaa nacho hadi darasa likanivuta kwa nguvu.

Chanzo ni Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, na mfano wake wa mtu anayeelea. Fikiria, anasema, umeumbwa ghafla ukiwa mtu mzima, umefunikwa macho, unaelea hewani isiyokugusa, viungo vimetanuliwa visigusane. Huoni, husikii, hujui kama una mkono. Je, utajua kuwa upo? Anajibu kuwa utajua. Na kama unaijua nafsi yako wakati mwili wako huujui, basi nafsi siyo mwili. Miaka 600 baadaye, mwaka 1641, mwanafalsafa Mfaransa Descartes alichapisha tafakuri zake akipita njia inayofanana, japo yeye aliingilia mlango wa shaka: nitilie shaka kila kitu, lakini anayetia shaka hawezi kukosekana.

Sasa liandike hilo kwa Kiswahili. "Anajua kuwa yupo." Yupo wapi? Kile kijisilabi -po ni cha mahali. Lugha yetu imeufunga uwepo na pahali tangu kwenye sarufi. Huwezi kuwa tu, lazima uwepo, uweko au uwemo. Alexis Kagame, padre na mwanafalsafa wa Rwanda, alilichambua jambo hili mwaka 1956 kupitia Kinyarwanda, na Kwasi Wiredu wa Ghana akafika karibu na hapo kupitia Kiakan: kuwepo ni kuwepo mahali. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Ibn Sina akitamka "nipo", lugha inamuuliza hapohapo, "wapi?", naye maskini ameondolewa kila mahali.

Je, hilo linaiangusha hoja? Kwa maoni yangu, haliiangushi. Tunasema "tatizo lipo" bila kunyoosha kidole popote. Ile -po imezeeka, haidai tena ramani. Lakini inakuchelewesha, na katika kazi hii kucheleweshwa ni faida. Wengi waliosoma falsafa kwa lugha za Ulaya wanakipokea "kuwa" kitupu kama kitu cha kawaida, hawajiulizi kama ni dunia inayosema hivyo au ni kitenzi chao.

Hapo ndipo nilipoacha kazi niliyolipwa kuifanya nikaanza kucheza. Chukua silabi zetu tatu: po, ko, mo. Sema Mungu yuko. Ni kule, pasipo dhahiri, na ndivyo wale wa karne ya 18 waliomwona Mungu kama fundi aliyeiunda saa, akaijaza, akaondoka, wangependa kusema. Sema Mungu yumo. Hapo unamsikia Ramanuja, mwalimu wa Kihindu aliyefundisha kwamba ulimwengu ni mwili na Mungu ni mkaaji wa ndani anayeuendesha. Mgeuze kidogo, useme vitu vyote vimo ndani ya Mungu, umemfikia mwanafalsafa Spinoza, aliyetengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi mjini Amsterdam mwaka 1656 akiwa na miaka 23. Sema Mungu yupo, na huyo ndiye wa mtu anayesali, kwa sababu husali kwa aliyeko, unasali kwa aliyepo.

Kisha Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi, anakuja kunikemea. Yeye alishikilia kwamba kila sifa tunayompa Mungu kana kwamba inaeleza alivyo inatupoteza, na kilicho salama ni kusema asivyo. Kwa hiyo silabi zangu tatu zote angezipiga kalamu. Wahenga wa Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, walimtangulia kwa karne nyingi na neti neti yao: si hivi, si hivi. Nikaandika kwenye ukingo wa faili: "-po haifai, -ko haifai, -mo haifai, na nne hatuna."

Saa kumi jioni

Darasa la mtandaoni. Tulisoma kisa cha Uddalaka na mwanawe Shvetaketu katika Chandogya Upanishadi. Kijana karudi nyumbani na miaka 24, kasoma Veda zote, vitabu vitakatifu vya Kihindu, kichwa kimevimba. Baba anamwambia alete tunda la mti mkubwa ulio pale. Lipasue. Unaona nini? Mbegu ndogondogo. Pasua moja. Unaona nini? Sioni kitu, baba. Basi katika hicho usichokiona ndimo ulimotoka mti huu mkubwa. Tat tvam asi: hicho ndicho wewe. Anamwambia hivyo mara tisa, kwa mifano tofauti.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, si ndiyo yaleyale ya Wasufi? Dini zote mwisho wake zinasema kitu kimoja."

Kila muhula ninalipata hili, na kila muhula linaniudhi kidogo, labda kwa sababu na mimi nililiamini kwa miaka. Nikamwambia tusitoke nje ya sentensi hiyohiyo. Shankara, mwalimu wa Kihindu wa yapata karne ya 8, aliisoma kuwa nafsi yako na Brahman, uhalisi mkuu wa vyote, ni kitu kimoja, tofauti ni ujinga tu. Ramanuja akasema wewe ni wake kama mwili ulivyo wa nafsi: hutengani naye, lakini wewe siye yeye. Akaja Madhva katika karne ya 13, akafanya jambo ambalo bado linanichekesha. Katika Kisanskriti maneno huunganishwa yanapotamkwa, na neno linalotangulia hapo huishia na irabu a. Madhva akakata mahali pengine, akasoma atat tvam asi: hicho siyo wewe. Sauti ni zilezile, mafundisho yamepinduka.

"Hawa ni watu watatu wa mapokeo mamoja, wana kitabu kimoja na sentensi ya maneno matatu," nikasema. "Kama wao hawakukubaliana, mimi na wewe tumekubaliana lini kwa niaba ya dunia nzima?"

Kimya. Kisha mama mmoja, mkubwa kuliko sisi wote darasani, akauliza swali la siku: "Sasa hao Wabudha, mwanangu, kama roho hamna, anayezaliwa tena ni nani?"

Nikampa jibu la mtawa Nagasena kwa Milinda, mfalme mwenye asili ya Kigiriki. Ukiwasha taa kwa moto wa taa nyingine, je, kuna mwali uliohama? Hakuna. Lakini ya pili isingewaka bila ya kwanza.

Mama akafikiri. "Ni jibu zuri," akasema. "Lakini taa haiogopi kuzimwa." Sikuwa na la kumjibu, nikamshukuru. Darasa likaishia hapo.

Saa moja usiku

Ujumbe wa mhariri: "Dada, ROHO lini?" Nikajibu: "Mtondogoo." Akarudisha: "Kesho kutwa." Hivyo ndivyo tunavyojadiliana.

Nikiwa katika hali hii huwa nawakumbuka wawili waliokwama kweli. Mwaka 1095 al-Ghazali, akiwa mwalimu mwenye sifa kubwa Baghdad, ulimi ulimfunga mbele ya wanafunzi. Mwenyewe anaeleza kuwa hakuweza kutamka neno, akaacha cheo akaondoka mjini. Desemba 1273 Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo, aliacha kuandika, kitabu chake kikuu kikiwa hakijakwisha, akasema yote aliyoyaandika anayaona kama mabua. Machi iliyofuata alifariki. Nikifikiria kumtumia mhariri habari hizi kama udhuru, naona aibu. Wao walikuwa wameona kitu. Mimi nimechelewa tu.

Saa nne usiku

ROHO sasa inaanza na pumzi. Maana ya pili ni uhai, kama katika kukata roho. Ya tatu ni tabia, na hapo nimemtuma msomaji aende kwenye NAFSI. Ya nne inasomeka: "katika dini mbalimbali, kile kinachosemwa kuwa ndicho mtu mwenyewe au kilicho ndani yake, taz. ANATTA kwa wanaokana." "Isiyokufa" nimeitoa kabisa. Nilikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu kuliko kazi inavyodai, maana mama yangu amezikwa, na yeye aliiamini "isiyokufa" bila kamusi. Nikaitoa, kisha nikaiandika ndani ya mfano wa matumizi: "Aliamini kuwa roho yake haifi."

Nikazima kompyuta, nikakaa kitandani kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Nilifika tisa, jambo lisilonitokea tangu juzi, na kwenye tisa nikakumbuka kukaba roho. Koo sikuliandika. Nikaamka nikawasha kompyuta.